Mteja Mwenye Madoa Mengi

Simu yangu ina ufa kwenye kioo kuanzia kona ya juu mpaka katikati, na betri yake inashuka hata ukiitazama tu. Nalisema hili mapema ili mjue nilikuwa naringia nini siku ile mwenye gesti alipoingia studio ya shangazi kuuliza kama tunapiga picha za nyota.

Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kuna kaunta na mashine ya kopi, hapo ndipo kwangu. Nyuma ya pazia kuna kiti cha mteja, taa yenye mwavuli mweupe, vitambaa vya ukutani vya kubadilisha, cheupe, cha bluu na cheusi, na kamera moja ambayo shangazi anaivaa shingoni tangu anafungua mpaka anafunga. Akinywa chai anaisukumia mgongoni isije ikanywa naye. Kwenye kona, mbele ya kompyuta, anakaa Sabuni. Tunamwita hivyo kwa sababu kazi yake ni kusafisha nyuso. Ingia na chunusi, kovu, jasho la puani, yeye anakutoa kama umezaliwa asubuhi hiyo. Kuna mama mmoja aliikataa picha yake akidai tumempa ya mdogo wake.

Basi mwenye gesti akaingia, mama mrefu, funguo zinalia kiunoni.

"Nataka anga la usiku," akasema. "Kubwa, lijaze ukuta wa mapokezi. Lakini liwe la juu ya gesti yangu. La kuokota mtandaoni silitaki."

"Sisi tunapiga watu, mama," shangazi akamjibu. "Nyota hazikai kwenye kiti."

"Wageni wangu wanafika usiku wameinamia mizigo, asubuhi wanaondoka wameinamia simu. Hakuna anayejua juu ya paa langu kuna nini. Nataka walione huku wanasubiri funguo."

"Kamera yangu hii haitoki nje hata kwa harusi."

Sasa mimi na mdomo wangu. Nilikuwa nabana karatasi za mtu, hata sikuulizwa, nikajisikia nasema, "Mimi naweza kuipiga. Kwa simu."

Shangazi alinigeukia kama mtu aliyesikia mashine ya kopi inaongea. Mwenye gesti akaitazama simu yangu, akauona ufa, akanitazama mimi, sijui kwangu aliona nini. "Jumamosi mchana nakuja kuichukua," akasema. "Ikinipendeza nitaitundika. Isiponipendeza, nitatundika kalenda."

Alipoondoka shangazi akaushika mkanda wa kamera.

"Wewe mtoto, tangu uje hapa unanililia kazi ya kamera. Haya. Yule mama akiipokea hiyo picha, nakuvalisha hii, mimi nitakaa kaunta. Akiikataa, sitaki kusikia neno kamera kinywani mwako mpaka nistaafu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi."

"Na sina mpango wa kustaafu," akaongeza.

Usiku huohuo nikatoka uani nyumbani, nikainua simu juu, nikabonyeza. Picha ikatoka nyeusi kama tako la sufuria. Nikabonyeza tena, sufuria ileile. Nikawasha fleshi, kama vile mwanga wa simu yangu ungefika huko juu na kurudi. Nikapata picha nzuri sana ya kamba ya nguo.

Nikaingia ndani nikasoma, nikatazama video za watu wenye kamera kubwa kama mabomba ya maji, nikaokota kile ninachoweza kukimudu, ambacho ni bure. Kumbe simu ina sehemu ya kupiga kwa mkono, nilikuwa sijawahi kuifungua. Humo unaiambia ifumbue jicho lake kwa muda mrefu, sekunde kadhaa, ili mwanga uwe unaingia taratibu. Unaiambia pia itazame mbali, mbali kabisa, isijitafutie cha karibu. Nikafanya yote hayo simu ikiwa mkononi. Nyota zikatokea kweli, lakini kila moja imejikunja kama mnyoo. Mkono wangu unatetemeka, kumbe. Mimi nilidhani nimetulia kama ukuta.

Stendi ya miguu mitatu sina. Nikachukua mfuko wa mchele jikoni, nikauweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikailaza simu katikati ya mchele kama mtoto kwenye mto. Ikatulia. Lakini kila nikibonyeza, kidole changu chenyewe kinaitikisa. Nikachomeka hedifoni za waya, nikabonyeza kile kitufe cha kuongezea sauti, simu ikapiga bila kuguswa. Jamani, nilicheza pale uani peke yangu. Mama akafungua dirisha.

"Unafanya nini na mchele wangu?"

"Napiga picha, mama."

"Mchele?"

"Nyota."

Akafunga dirisha taratibu, kama mtu anayefunga mjadala.

Usiku uliofuata nikapanda juu ya gesti, mwenyewe mwenye gesti akanifungulia ngazi ya nyuma akaenda kulala. Mwezi ulikuwa umeshazama. Nikageuzia mgongo taa za barabarani, nikaikalisha simu kwenye mchele pembeni ya tangi la maji ili kona ya tangi ionekane, paa lijulikane ni la nani. Nikajaribu, nikapunguza sekunde nyota zisijikokote, nikaongeza, nikajaribu tena. Halafu ikatoka. Nawaambia ikatoka. Mkanda mweupe umekatiza anga kama unga uliomwagika, Kilimia kule juu kimejikusanya kama vifaranga, na nyota moja kubwa imekaa juu ya tangi kama imeajiriwa hapo. Nilishuka ngazi simu nimeikumbatia kifuani.

Simu ikaanza kulalamika kwamba imejaa. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikawahi studio, nikachomeka waya, nikaihamishia picha kwenye kompyuta, nikaifuta kwenye simu. Nikaiweka pale tunapoweka kila kitu kinachotoka kwenye simu na kamera, kwenye folda inayoitwa ZA KUSAFISHA. Mkono wenyewe ulikwenda huko. Ni mazoea. Halafu shangazi akanituma kununua wino wa mashine.

Niliporudi Sabuni alikuwa amejinyoosha kwenye kiti, mikono kisogoni, uso wa mtu aliyefunga goli.

"Bosi mdogo, ile kazi yako nimeimaliza. Imenitoa jasho."

"Kazi gani?"

"Ile picha ya kitambaa cheusi. Nyinyi mlikitandika wapi kile kitambaa? Vumbi tupu, nyuzi, unga, kila takataka. Nimeanza na chai ya moto, nimemaliza chai imekuwa maji. Sijawahi kuona mteja mwenye madoa mengi vile."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kilikuwa cheusi. Siyo cheusi cha kawaida, cheusi kilichooshwa, kikasuuzwa, kikaanikwa.

"Na kile kiti pale pembeni nimekitoa pia," akasema. "Hiyo ni ofa."

Kile kiti kilikuwa lile tangi la maji.

Niliuweka wino chini. "Sabuni, zile zilikuwa nyota."

Akanitazama. Akatazama kioo. Akanitazama tena.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile kubwa?"

"Hata ile kubwa."

Akavua miwani yake, akaifuta. "Ile ilinisumbua sana kutoka," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwomba airudishe. Akasema amehifadhi juu ya ileile, kama anavyofanya siku zote, ili watu wasije kuona nyuso zao za zamani. Nikafungua simu nikapekua kila mahali, hata kwenye picha za mchele. Hakuna. Nilitaka kulia, lakini kila nikikumbuka mtu mzima ameinama asubuhi nzima anazitoa nyota moja moja kwa uangalifu kama anachambua mchele, kicheko kinapanda kabla ya machozi. Nikawa nafanya vyote viwili, pua inanitoka.

Shangazi akaingia, akasimuliwa. Alicheka mpaka akakalia kiti cha mteja, akashika kamera isimpige kifuani. Alipomaliza akajifuta macho.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Jumamosi ni kesho, lakini."

"Shangazi, siyo kosa langu."

"Nani aliiweka humo?"

Nikaitazama mashine ya kopi, nikajiona nimezeeka mbele yake, mvi zinatoka huku nabana karatasi.

Jioni nafunga mlango, Sabuni akasimama pembeni yangu, begi mgongoni. "Nimezifuta mimi," akasema, "nakwenda nawe kuzifuata."

"Utafanya nini huko?"

"Nitabeba mchele."

Tulipofika gesti anga lilikuwa limefunga, mawingu mazito kama blanketi la hospitali. Mwenye gesti alishatuambia kwa simu kwamba amesafiri, atarudi kesho mchana moja kwa moja studio, tumwone mlinzi. Getini tukamkuta mlinzi wa usiku, mzee mwenye kofia ya sufu na tochi ndefu.

"Nimeambiwa mtakuja," akasema. "Mnakwenda kutafuta nini huko juu?"

"Nyota, baba," nikamwambia.

"Zimepotea?"

"Ndiyo. Huyu kazifuta."

Mlinzi akammulika Sabuni kuanzia viatuni mpaka usoni, akatikisa kichwa. "Na uso wa upole hivyo," akasema. Halafu akatuonya. "Mkifika juu msishtuke. Kuna taa mpya. Jana usiku wa manane nilisikia mwizi anatembea juu ya paa, nikamwambia mama, akasema mpiga picha atakuwa alishaondoka zamani, leo mchana kaleta fundi umeme. Ukijitikisa tu inawaka."

"Jana ni mimi, baba."

"Basi taa ni yako," akasema. "Swichi iko chumbani kwa mama, na chumba kafunga."

Mniamini, sijawahi kuona taa kali vile. Tulipotokeza vichwa paani ikatupiga usoni, mchana ukaja. Tukasimama kama sanamu, ikazima. Sabuni akanong'ona, "Sasa?" Ikawaka. Alinong'ona kwa mkono.

Tukapanga simu kwenye mchele huku tumemulikwa, halafu tukalala chali sakafuni kila mtu upande wake, hedifoni nimezishika kifuani kama marehemu aliyeshikishwa maua. Taa ikazima. Mawingu yakawa yanapita juu yetu polepole. Tukangoja. Sakafu baridi inaingia mgongoni. Mbali kidogo juu ya tangi wingu likaanza kuchanika, nyota ya kwanza ikachungulia, ya pili, nikakisogelesha kidole kwenye kitufe taratibu, taratibu.

Sabuni akapiga chafya.

Mchana ukaja. Mlinzi kutoka chini akauliza, "Mmezipata?"

"Bado, baba," nikajibu, huku tumbo linaniuma kwa kucheka bila kutoa sauti, na kila nikicheka tumbo linatikisika, na kila likitikisika taa haizimi. Sabuni akaniambia acha kucheka, akasema hivyo na yeye anacheka. Tulikaa kwenye ule mwanga kama wafungwa wawili wenye furaha, na kule juu mwanya wa mawingu unazidi kupanuka bila sisi.

Mwishowe Sabuni aliketi. "Hii taa ina jicho," akasema. "Jicho linafunikwa." Akavua kiatu, akavua soksi, akapanda juu ya ndoo iliyokuwa kando ya tangi, akalivalisha lile jicho soksi yake. Tukasubiri. Ikazima. Nikapunga mkono. Giza. Sabuni akacheza kidogo, mguu mmoja una soksi mmoja hauna. Giza.

Basi nikaanza kupiga. Mwanya wenyewe ulikuwa mwembamba, sikuwa na muda wa kuchaguachagua, nikawa nabonyeza, nasubiri, nabonyeza. Umande ukaikalia lenzi, picha zikawa na ukungu. Sabuni akatoa kile kitambaa laini cha miwani yake akaifuta. Anajua kufuta, yule. Nikabonyeza tena na tena mpaka wingu likarudi na betri ikasema kwaheri karibu kwa pamoja.

Tukashukia kwa mlinzi, akatuachia tuchaji kibandani kwake. Nikafungua picha. Nyota zilikuwepo, lakini kwa kuharakisha nilikuwa nimeilazimisha simu ivute mwanga kupita uwezo wake, na kila picha imejaa chenga, zile nukta nukta kama televisheni iliyokosa antena. Nyekundu, kijani, nyeupe. Hujui nyota ni ipi na uchafu ni upi.

"Imekula kwangu," nikasema.

Sabuni akaichukua simu, akaisogeza karibu na miwani. Akapitisha picha ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Alikaa nayo muda mrefu mpaka mlinzi akasogea kutazama naye.

"Hii nukta," Sabuni akasema, "hapa ipo. Hapa ipo. Hapa pia ipo, imesogea kidogo tu, na wenzake wote wamesogea vilevile kama watu kwenye foleni." Akahamisha kidole. "Hii hapa ipo. Picha inayofuata haipo. Wala hii. Kila picha ina zake." Akainua macho. "Chenga hazirudi mahali pamoja. Nyota inarudi. Madoa nayajua mimi, bosi mdogo. Ila safari hii nikifuta, wewe ukae pembeni."

Alfajiri tulikuwa studio. Akazipanga zile picha juu kwa juu, akazisogeza mpaka nyota za hii zikakaa juu ya nyota za ile, na tangi akalichukua kwenye moja tu lisije likawa na kivuli chake. Halafu akaanza kutoa kile kisichorudi. Mimi nimekaa kwenye kigoda begani kwake kama mwalimu wa mtihani.

"Hii?"

"Toa."

"Hii?"

"Iache, ipo kwenye zote."

"Na hili doa lililosambaa hapa? Hili baya kabisa hili, hili chunusi iliyotumbuka."

"Sabuni, mkono juu. Hicho ni Kilimia."

Akainua mikono yote miwili, akaomba radhi, sijui alikuwa anamwomba nani. Kadiri alivyosafisha weusi ukawa weusi na mkanda mweupe ukaanza kutokea wenyewe, taratibu, kutoka kwenye kitu ambacho usiku nilitaka kukitupa. Yeye mwenyewe aliacha kuniuliza. Akawa anatazama tu. "Hivi hizi huwa zipo kila siku?" akaniuliza. Nikamwambia zipo. Akasema anarudi nyumbani kila usiku kwa mguu na hajawahi kuziona. Nikamwambia na mimi pia, mpaka juzi.

Tukaichapa kwa karatasi kubwa, vipande viwili, tukaviunganisha juu ya meza ya kaunta.

Mwenye gesti aliingia mchana, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Hakusalimia kwa kirefu. Akavaa miwani, akainamia picha. Shangazi akasogea upande mmoja, mimi na Sabuni upande mwingine, na mtu aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akasogea pia bila kualikwa. Kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nakiogopa. Kwenye kona ya chini wingu lilikuwa linarudi wakati napiga, na taa za mji zikalipaka rangi ya chungwa. Tuliliacha kwa sababu lilikuwemo kwenye picha zote. Mwenye gesti akaweka kidole hapohapo.

"Hapa pana nini?"

"Wingu, mama," nikasema. "Lilikuwa linafunga. Mwanya ulikuwa mdogo, ndiyo nilichokipata. Tungeweza kulitoa, lakini lilikuwepo."

Akapeleka kidole kwenye tangi, akapapasa pale penye kibonyeo ubavuni.

"Fundi aliliangusha siku ya kulipandisha," akasema. "Nililia siku ile." Akainuka, akavua miwani, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mlangoni, akatazama kutoka huko, halafu akaja tena karibu. "Yule mlinzi wangu anaketi chini ya haya yote usiku kucha na hajawahi kuniambia. Nani atakuja kuitundika?"

Nilisikia sauti ikinitoka, sijui hata ilikuwa neno gani. Sabuni akanishika bega nisije nikaipanda kaunta. Mwenye gesti akasema akija fundi wa misumari aje na mmoja wetu kumwonyesha juu ni wapi, maana yeye asingetaka Kilimia kiwe chini, akatoka na funguo zake zinalia mpaka barabarani.

Shangazi alikuwa bado anaitazama picha. Akavuta pumzi ndefu, akauinua mkanda juu ya kichwa chake, hereni ikakwama, nikamsaidia kuinasua, na kamera ikaja shingoni kwangu. Nzito, ina joto la mtu.

"Usiitikise," akasema. Halafu akazunguka kaunta, akasimama mbele ya mashine ya kopi, akaitazama. "Hii inawashwa wapi?"

Yule mtu wa kitambulisho akasema basi kama ni hivyo, na yeye apigwe ya pasipoti, maana ilikuwa ifuate. Nikamkalisha, nikamwekea kitambaa cheupe nyuma, nikamwambia atazame mbele, afunge mdomo, asicheke. Nikapeleka jicho kwenye kamera. Mashavu yananiuma kwa kutabasamu, na yule mtu kuniona akaanza kutabasamu naye, nikamwambia acha, akasema acha wewe kwanza.

"Pasipoti hawacheki," shangazi akaita kutoka mbele ya pazia.

"Tunajitahidi, shangazi," nikamjibu, na yule mtu akaangua kicheko kabisa, mabega yanaruka, na mimi nikabonyeza.